Kamera Zinazotulazia Mlima

Kwa Bi. Raelene Hocking,
Mwenyekiti, Klabu ya Magari ya Porini,
Tarrawing, Victoria.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na gari lako limeacha kuvuja mafuta. Mimi, Neville Trewartha, mwanachama wako mtiifu na kiongozi wa misafara tangu enzi za marehemu baba yako, nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa hasira nayo imo.

Kama unavyojua, tangu Kostas Vlahos ajiunge nasi hakuna msafara unaotoka bila kamera. Kostas ni daktari wa meno, kwa hiyo amezoea kuchungulia pasipopendeza. Amebandika kamera kwenye boneti, kwenye keria, kwenye ngao ya mbele, na nyingine uvunguni, inayotazama ekseli mchana kutwa utadhani ekseli itatoroka. Hayo ningeyavumilia. Haya yafuatayo siyawezi.

1. Kamera zinalaza mlima. Wewe na mimi tunaijua Ngazi ya Mjane, kile kilima cha mawe. Ukiwa kwenye usukani pale huoni njia. Unaona boneti na mawingu, na chai ya asubuhi inapanda kooni kuuliza kuna nini. Nimeipanda mwaka baada ya mwaka, na kila jioni ya soseji pale ukumbini nimeisimulia mpaka watu wakaacha kutafuna. Wahenga walisema msema pweke hushinda, nami nilishinda sana. Kisha Kostas akatuonyesha filamu yake ukutani. Ulikuwepo. Ngazi ya Mjane ilionekana kama njia ya kuingilia maegesho ya supamaketi. Mzee Merv, ambaye hajapanda kitu chochote tangu abadilishwe nyonga, akauliza kwa sauti, "Nev, hapo ndipo ulipoandikia wosia?" Ukumbi mzima ulicheka, na mtu mmoja akapaliwa na soseji.

Nilijaribu kueleza kwamba kamera hizi zina jicho pana, na jicho pana hulaza kila mwinuko. Ni kweli tupu, na kila dereva wa milimani anaijua. Lakini mwenye macho haambiwi tazama, na hawa walikuwa wamekwisha tazama.

2. Marehemu wanatukanwa. Naomba uifuate hoja hii taratibu. Kama kilima ni tambarare leo kwenye filamu, basi kilikuwa tambarare tangu zamani, maana mawe hayahami. Na kama kilikuwa tambarare, basi marehemu baba yako, Mzee Clarrie, aliyekipanda kwa winchi na kamba kutwa nzima hadi akapoteza jino, alikuwa akijiburura kwenye uwanja wa kriketi. Itabidi lile bamba la shaba lenye jina lake kule juu ling'olewe. Si mimi ninayesema hivyo, Bi. Mwenyekiti. Ni kamera.

3. Kamera zinasikia. Hili hatukuambiwa. Desturi yetu ni kwamba pale Ngazini kila gari hupanda peke yake, wengine wakingoja chini, na dereva huwaarifu kwa redio. Kwenye redio nilisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa barazani kwake, "Naendelea vizuri, jamani, njia laini tu." Filamu inayo hiyo, na inayo pia niliyoyasema baada ya kuachia kitufe. Nilimwita Mungu, ambaye sijazungumza naye tangu siku ya harusi. Nikamwita mama. Halafu nikamwita Daryl, fundi wa gari langu. Daryl alikuwa amekaa mstari wa mbele. Sasa kila akiniona dukani ananiuliza, "Uliniita, mwanangu?"

4. Glenys. Hapa ndipo penyewe. Miaka yote hii mke wangu hakuwahi kupanda Ngazi. Alibaki kambini kando ya mto, akichemsha maji na kuoka mkate kwenye majivu, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kilima kilivyo na sikutaka adhurike. Nikishuka namsimulia, naye ananipa kikombe na kusema, "Pole, Nev." Nitasema ukweli kwa kuwa ni barua na sikuoni usoni: hiyo pole ndiyo niliyokuwa nikikipandia kile kilima.

Jioni ile ya filamu Glenys hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Neville, hicho ndicho?" Nikamwambia kamera inadanganya. Akasema, "Nimeendesha basi la shule barabara ya Corrong kwenye theluji, limejaa watoto, nusu wanapigana na nusu wanatapika. Nipe ufunguo."

5. Jumapili iliyopita alipanda, mimi nikiwa kando yake. Kostas, bila kuombwa na mtu, alibandika kamera kwenye kioo cha mbele ikitutazama sisi wawili. Glenys alipunguza upepo wa matairi mwenyewe, akaingiza gia nzito, akapanda kama anayekwenda kuchukua watoto kituoni. Hakuna jiwe lililoruka. Kwenye kipandio cha pili, pale ambapo mimi humwita Daryl, aliniuliza, "Nev, mbona umefumba macho?" Nikasema vumbi. Akasema, "Vioo vimefungwa, mpenzi."

Yote hayo yamo kwenye filamu, na Kostas anakusudia kuionyesha Jumamosi kwenye chakula cha mwaka, muda mfupi kabla hamjachagua kiongozi wa misafara. Nimesikia jina la Glenys linatajwa. Nimelisikia hata nyumbani kwangu, likitajwa na Glenys.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu:

(a) Iamuru kamera zote zifungwe zikiwa zimeinamishwa upande, mpaka kilima kipate haki yake.

(b) Ikishindikana, iiombe serikali ikiongezee kilima mwinuko. Trekta lipo, shemeji yangu atalitoa.

(c) Itoe tamko rasmi kwamba Jumapili hiyo Ngazi ya Mjane ilikuwa imelainika kwa mvua na kujaa udongo, na kwamba yeyote aliyeipanda siku hiyo ahesabiwe kuwa hakuipanda.

Nisalimie Bwana Hocking pamoja na goti lake, nisalimie akina mama wa meza ya keki, na Merv pia, ukimkuta amekaa. Kostas naye msalimie, ila kwa mbali.

Wako katika matope na vumbi,

Neville Trewartha
Kiongozi wa Misafara (hadi Jumamosi)

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimekwisha funga bahasha hii Kostas alipopita kuniachia nakala ya filamu, nikague kama kuna cha kukata. Mara ya kwanza nilijitazama mimi, nikaona aibu. Mara ya pili nikamtazama Glenys. Anafika juu, magurudumu yanatulia, anazima injini. Bonde lote liko mbele yake. Halafu anasema polepole, "Kumbe ni hivi," na kujifuta machozi kwa kiganja. Miaka yote nilimsimulia mwinuko tu. Sikuwahi kumwambia huko juu kuna nini. Na Jumapili nilikuwa pale pale kando yake, bado nimefumba macho, nisijue kwamba analia. Kamera ndiyo iliyoniambia.

Kwa hiyo msikate kitu. Ionyesheni, na sauti yake. Ombi la (a) libaki, na kama filamu haiinamiki tena, basi inamisheni ile meza ya mashine ya kuonyeshea filamu, maana sitaki Merv aseme Glenys alipanda maegesho. Ombi la (c) lifuteni. Haikunyesha. Kilima kilikuwa kikali kama siku zote, na aliyekipanda ni Glenys.