Msichana Pekee Aliyewasili

Idara ya Kuwasili inayo furaha kubwa kuujulisha umma kwamba, kuanzia muhula huu, hakuna mwanafunzi mpya atakayehesabiwa kuwa amefika chuoni kwetu kwa sababu tu amefika. Huo ulikuwa utaratibu wa kizamani.

Waraka huo niliuandika mimi, Eparama Vakaloloma, Afisa Mwandamizi wa Kuwasili, chini ya uongozi wa Mkurugenzi wa chuo, Dokta Apakuki Ralifo. Mwaka jana wanafunzi wapya arobaini waliacha masomo katika muhula wa kwanza, wakapanda meli na kurudi visiwani kwao. Watu wasio na elimu walisema ni kukumbuka nyumbani, na bweni linavuja, na muhogo wa kuchemsha kila siku unachosha. Dokta aliunda kikosi kazi. Kilikaa siku nne hotelini ufukweni, kikabaini ukweli: wale vijana hawakuondoka. Hawakuwa wamewasili.

Ndipo ikazaliwa Fomu ya Kuwasili. Kila mwanafunzi mpya huijaza, Mkurugenzi hutia saini, na bila saini hiyo hakuna kufanya mtihani wa mwisho wa muhula. Asiye na mtihani anarudi kwao. Swali kuu lilikuwa rahisi: "Je, unajisikia umewasili?" Visanduku vya majibu vilikuwa viwili, "Ndiyo" na "Ndiyo sana". Tuliongeza mstari wa maoni kwa ajili ya demokrasia. Aidha, Kanuni ya Nne ilitamka kwamba mtu ambaye hajawasili hana mamlaka ya kutia saini hati yoyote ya chuo. Hiyo tuliitunga ili wanafunzi wapya wasitie saini barua ya kulalamikia muhogo.

Siku ya kwanza alikuja msichana mmoja kutoka kisiwa cha Kadavu, Akeneta Vuniwai, kusomea ufundi wa injini za boti. Alisindikizwa na mjomba wake, mzee Sakiusa, ambaye alivua ndala mlangoni, akaketi sakafuni mbele ya meza yangu, akakunja miguu na kuweka chini furushi la mizizi mikavu ya yaqona, ile ya kinywaji cha kupokelea wageni, imefungwa vizuri kwa utepe. Akaanza kusema yale maneno ya kuomba kupokelewa.

Hapa niseme kweli. Kwetu Levuka, mgeni akija na furushi la namna ile, hata kama naumwa mgongo nitaketi chini, nipige makofi, nilipokee. Bila hivyo mgeni bado yuko njiani. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini pale nilikuwa ofisini, na fomu haikuwa na kisanduku cha mizizi.

"Mzee, chukua namba," nikamwambia.

"Namba ya nini, baba?"

"Ya foleni."

Alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Alichukua namba moja, akaendelea kukaa chini mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi nikaandika "mimea mikavu, haina mpokeaji", nikalifungia furushi kwenye kabati la vitu vilivyopotea, kati ya miavuli na meno bandia ya mtu.

"Basi hatujafika," alisema mjomba akivaa ndala zake, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira. "Akeneta, vumilia. Labda watakumbuka."

Wanafunzi wapya walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Mia tatu na kumi na mmoja walijibu "Ndiyo sana", wengi wao wakilia. Akeneta aliacha visanduku vitupu, akaandika kwenye mstari wa maoni: "Bado. Furushi letu liko kabatini."

Idara haina chuki na mtu. Ilitekeleza matokeo tu. Akeneta akiitika jina darasani, mwalimu alimwekea alama ya kutokuwepo, kwa kuwa kimaandishi alikuwa Kadavu. Alipofufua mashine yetu ya kukatia nyasi, iliyokufa tangu Januari, tuliandika kwamba imepona yenyewe. Jikoni alipewa muhogo, ila kwa sharti la kutoonekana.

Wenzake bwenini walimfanya mchezo.

"We Kadavu! Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha," alijibu. "Hata hapa inanyesha, tena kitandani kwako."

Walicheka, naye akacheka. Lakini wiki ya nane nilimkuta nyuma ya karakana amekaa juu ya injini mbovu, macho mekundu.

"Mwanangu, weka alama kwenye 'Ndiyo' tu," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua, baba. Nikienda mtoni na wenzangu najiona mwizi. Naoga kwenye maji ya watu ambao sijapiga hodi nyumbani kwao. Nataka kubaki, nazipenda hizi injini. Ila siwezi kuandika uongo wakati mjomba wangu alikaa chini pale mkampa namba."

Nilimwambia Idara inathamini maoni yake. Nilikwenda chooni, nikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya kumi Kamati ya Rufaa ya Kuwasili iliketi. Dokta Ralifo alitaka jambo liishe kabla ya wakaguzi kutoka mji mkuu.

"Nani anaweza kupokea kitu kama hiki?" aliuliza, akilinyooshea kalamu furushi lililotolewa kabatini.

"Msemaji wa wenye ardhi, Mheshimiwa," nikajibu.

"Aitwe. Anakaa wapi?"

"Yupo nje ya dirisha, Mheshimiwa. Anakata nyasi."

Ndivyo alivyoingia Mosese Drauna, mkata nyasi wa chuo kwa miaka kumi na mitano, na msemaji wa ukoo wenye ardhi tangu baba yake afariki. Alizima mashine, akanawa mikono, akaketi sakafuni. Akeneta naye aliketi, akasema maneno aliyoyakariri muhula mzima badala ya mjomba wake. Mosese alipiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, akaligusa furushi, akalipokea kwa niaba ya waliolala katika ardhi ile na wanaoikanyaga.

"Umefika, binti yangu," alisema. "Karibu. Maji ni yako, njia ni yako. Na ile mashine, asante."

Akeneta alilia bila aibu. Nami nililia, kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa cheo changu.

"Safi kabisa," alisema Dokta, akichukua kalamu. "Leteni fomu nitie saini."

Mosese hakuinuka. "Bwana Dokta, na la kwako liko wapi?"

"Langu lipi?"

"Furushi. Mkuu aliyekutangulia alileta. Aliyejenga jiko alileta. Wewe una mwaka wa sita. Ulileta viyoyozi viwili."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ukinipita asubuhi unaniuliza tu kwa nini nyasi ni ndefu."

Mimi, kama katibu mwaminifu, niliona ni wajibu wangu kuisoma Kanuni ya Nne kwa sauti. Nikaisoma mara mbili, maana mara ya kwanza Dokta alisema hajasikia vizuri. Asiyewasili hana mamlaka ya kutia saini. Kwa hiyo zile saini mia tatu na kumi na moja zilikuwa batili, na mkataba wa muhogo ulikuwa batili, na hata barua yangu ya uteuzi ilikuwa na mashaka. Tulipekua majalada hadi saa ya chai. Katika chuo kizima, kimaandishi, alikuwa amewasili mtu mmoja.

Mtihani ulianza Jumatatu kama ulivyopangwa. Fomu zote za kuwasili zilitiwa saini upya na Kaimu Mkurugenzi, Akeneta Vuniwai, katika mapumziko kati ya karatasi ya kwanza na ya pili, mikono yake ikinuka grisi. Mjomba wake aliletwa na meli ya Ijumaa, akapewa kiti. Alikikataa.

Dokta Ralifo alifika akiwa na furushi kubwa kuliko yote sokoni. Kwenye fomu yake aliweka alama "Ndiyo sana". Akeneta aliisoma, akamrudishia kwa heshima.

"Samahani, Mheshimiwa. Tafadhali jaza kwa ukweli."

Dokta alivua viatu, akaketi sakafuni, akakunja miguu kwa shida. Kwenye mstari wa maoni akaandika: "Bado." Nikampa namba ya foleni mpya. Ilikuwa namba mbili, kwani ya kwanza nilishajichukulia mimi.