Naomba Jimbo la Tatu

Kwa Kamati ya Pamoja ya Njia za Umeme,
Majimbo ya Minnesota na Dakota Kaskazini.

Waheshimiwa Wanakamati,

Natumaini barua hii itawakuta wazima na theluji imeshaondolewa milangoni kwenu. Mimi ni Arvid Tollefsrud, mkulima wa viazisukari upande wa Minnesota. Si kawaida yangu kulalamika, na hata hapa najizuia.

1. Mwezi uliopita maofisa wenu wawili, mmoja wa kila jimbo, walikuja kuniuliza. "Mzee Arvid, unaonaje nyaya za umeme mkubwa zikipita shambani kwako?" Nikajibu kama mama alivyonifunza: "Aa, hapana, msijisumbue." Basi wakaandika "amekataa", wakamaliza kahawa yangu, wakaondoka! Jamani, watu hawa wamelelewa wapi? Huku kwetu mtu akikaribishwa hata kipande cha keki hukataa mara mbili, akapokea ya tatu. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na anayeuliza mara moja hana nia ya kutoa.

2. Jirani yangu Orville Kvamme naye alizitaka, naye akakataa. Kijiji kizima tumekataa kwa moyo mkunjufu. Matokeo yake njia yenu imekwepa shamba hadi shamba, na sasa ramani inaipitisha juu ya makaburi ya kanisa, kwa kuwa marehemu peke yao ndio hawakusema hapana.

3. Mmoja wa marehemu hao ni mke wangu, Verna. Verna aliogopa umeme kuliko shetani. Wingu likijikusanya tu, alichomoa kila waya ukutani, hadi mashine ya kuchomea mkate, akakaa jikoni na mshumaa wake. Leo mnataka alale chini ya nyaya zinazounguruma mpaka siku ya kiyama? Inaniuma sana. Zileteni kwangu, mimi ningali na miguu ya kukimbilia.

4. Chanzo cha yote ni huo ushirikiano wenu. Zamani kila jimbo lingetuma mtu wake kwa siku yake, nami ningeulizwa mara mbili. Sasa mmeungana, mkauliza mara moja kwa niaba ya wote. Umoja ni nguvu, sikatai, lakini huu umekula adabu.

5. Hivyo naomba Dakota Kusini iingizwe kwenye kamati, ingawa nyaya hazifiki kwao. Kila jimbo liulize mara moja, zitimie tatu. Hata Verna nilimposa mara tatu. Ningeishia ya kwanza kama ninyi, ningekuwa kapera hadi leo.

Wasalimieni wote nyumbani, hasa Bi. Haugen, ofisa aliyesahau glavu zake mezani kwangu.

Wenu, nisiyependa kusumbua mtu,
Arvid Tollefsrud

N.B. Kabla sijabandika stempu, maofisa wamefuata glavu. Bi. Haugen akaniuliza, "Mzee, hujabadili mawazo?" Nikasema hapana. Wakafika mlangoni, mwenzake akageuka: "Mzee wangu, kwa mara ya mwisho, zipite kwako?" Ya tatu hiyo! Nikafungua kinywa nikubali. Ila nikaona Bi. Haugen anaichungulia barua hii mezani, na nikikubali watadhani nilikuwa naingojea hiyo ya tatu. Nikasema, "Aa, msijisumbue." Wameshaondoka. Tafadhali ongezeni na Iowa. Fanyeni haraka, ila msijisumbue.