Tathmini Yangu ya Mapinduzi ya Tamboa

Jumatatu, 3 Novemba
Redio, saa moja asubuhi: jeshi la visiwa vya Tamboa limempindua rais. Hatimaye! Miaka sita nimekuwa balozi wa heshima wa visiwa hivyo hapa Oyugis, tangu nilipowavuta watalii wao wawili kutoka matopeni Lambwe wakanitumia barua na bendera. Miaka sita bila kazi. Sasa ubalozi wao Nairobi utataka tathmini, na atakayeiandika vizuri hakosi cheo kamili. Gari lenye bendera!

Nahitaji utulivu. Nimemkabidhi katibu wangu, Angwenyi, ufunguo wa stoo ya Chama cha Mazishi, ambacho nimekiongoza miaka kumi na moja. Mahema, viti, sufuria, vyote vimo humo. Kila mtu hapa anajua kuwa mwenye ufunguo wa mahema ndiye mwenye chama. Lakini Angwenyi? Mtu wa kukohoa kabla ya kuomba chumvi! Ni wiki moja tu.

Jumanne, 4 Novemba
Tathmini inakwenda vyema. Nimeandika kwamba rais wa Tamboa ni bwege. Alimwachia naibu wake ghala la silaha! Hakuona maofisa wakinong'onezana! Mtu wa namna hiyo hafai kuongoza hata kuku.

Mke wangu Celestine ameingia kuniambia wanachama wanakutana kwenye kisiagi bila mimi. Nimemwambia asiniletee umbea wa unga, nimo katika mambo ya mataifa. Amenitazama sana, kisha akauliza kama nina hakika. Nina hakika.

Jumatano, 5 Novemba
Lambwe, kumhoji Mtamboa pekee ninayemjua, daktari wa kike anayetega mbung'o. Amesema aliondoka kwao akiwa na miaka minne, na jenerali aliyeongoza mapinduzi hamjui. Kisha akaniamuru nisitikisike. Mbung'o alikuwa shingoni mwangu na daktari alimtaka akiwa hai. Nimeumwa.

Nimeandika: Watamboa wote waishio Lambwe wanaliunga mkono jeshi kwa kauli moja.

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi nimetuma tathmini, kurasa kumi na nne, pamoja na pongezi kwa Jenerali. Nimemtabiria miaka thelathini.

Saa kumi jioni, redio: Jenerali ametoroka kwa mtumbwi, rais amerudi ikulu. Siku tatu! Jenerali gani huyu? Ubalozi, ambao haujapokea simu yangu tangu Jumatatu, umenipigia wenyewe. Wanataka bendera yao irudi kwa basi la kwanza. Nimelia kidogo, chooni.

Ijumaa, 7 Novemba
Mazishi Uriri. Marehemu alikuwa Msabato, kwa hiyo kesho haingewezekana. Nikajiambia, angalau kwenye chama mimi bado ni mwenyekiti. Nimefika na suti na hotuba. Mahema yetu yamesimama, na kwenye kiti changu, mbele kabisa, Angwenyi. Hakohoi tena! Akanieleza kwa upole kwamba wanachama walipiga kura Jumanne, pale kwenye kisiagi, na stoo ina kufuli mpya.

Nikauliza nikae wapi. Nikaelekezwa nyuma, juani, karibu na sufuria za mchele. Hotuba yangu nimeusomea moshi. Miaka kumi na moja! Imeniuma kuliko Tamboa yote.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeamka na nguvu. Utawala wa Angwenyi hautadumu, na leo naanza kuuandikia tathmini. Kosa langu nimelijua: nilimwamini mtu wa nje. Nyumbani nina Celestine. Asubuhi nimeuona ufunguo mpya wa stoo umefungwa kwenye pindo la leso yake. Bila shaka kaunyakua kwa ajili yangu, anataka kunishtukiza. Wanachama wamepita hapa mara tatu wakimwita Mama Katibu. Wanamtania tu.

Ili nipate utulivu wa kuandika, nimemkabidhi hati ya shamba na funguo zote za nyumba. Amepokea kwa mikono miwili, akakohoa kidogo.