Nyasi Nyuma ya Jiko la Kunigunda

Jumatano, 10 Aprili

Nimeamua. Namuoa Kunigunda. Mwenyewe bado hajaambiwa, lakini hilo ni jambo dogo.

Sababu ninazo. Mimi ni fundi cherehani, mgane wa siku nyingi, na cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha mgahawa wake hapa Liuli. Kutwa nashona, pua iko jikoni kwake. Asubuhi chai ya rangi yenye harufu ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine. Nikimuuliza anatia nini, anacheka tu. Mchana ugali wa muhogo, samaki mbasa wa kuchemsha, na mboga za majani kutoka shambani kwake, pale kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Jioni narudi kwangu, nakuta sufuria moja na kimya. Sijazeeka kiasi cha kuzoea kimya.

Tatizo ni mzee Aloisi. Mmatengo wa Matiri, kashuka huku ziwani akisema magoti yake yanataka joto. Magoti gani hayo! Kila siku yanampeleka kwa Kunigunda. Sasa ameanza kumlimia ngoro kule juu ya shamba. Kafyeka nyasi, kazilaza kwa mistari inayokatana ikawa miraba, basi, kaketi. Nikamuuliza mbona hamalizii. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kinachobaki ni kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Shimo linashika maji, nyasi zinaoza, maharage yanapandwa kwenye kingo. Ila kwao mwanamume analaza, mwanamke anafukia. Ndivyo mtu na mkewe wanavyolima.

Mtu na mkewe! Nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali ya mwalimu ukafunga kabisa.

Kunigunda hajafukia bado. Anasema hana nafasi. Mama yake naye ni wa Matiri, kwa hiyo anajua vizuri maana yake. Lazima niwahi.

Jambo moja namwonea wivu Aloisi. Anatembea na kichupa cha pilipili kwenye mfuko wa shati. Sahani ikifika, kabla hajaonja, anamimina. Ana hadhi. Mimi nakula tu kilichowekwa mbele yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mpango wa kwanza. Nizunguke migahawa mingine, nikusanye kasoro zao, nimpelekee Kunigunda habari kwamba hakuna wa kumfikia. Mwanamke gani asingefurahi?

Nikaanza kwa Gertruda, kule mitumbwi inakoegeshwa. Dagaa wa kukaanga na ugali. Niliagiza sahani kubwa ili nimtendee haki. Watamu! Nilitafuta kasoro mpaka nikamaliza sahani. Nisingeweza kuondoka mikono mitupu, nikamwambia dagaa wake wana mchanga. Gertruda akaweka mikono kiunoni, akaniuliza kama mchanga ndio ulionifanya nilambe vidole.

Kisha kwa Ottilia, karibu na wanakopakia abiria wa Mbinga. Maharage na kisamvu cha karanga. Hapo nilitaka kulia, maana kisamvu kilikuwa laini kama siagi. Nikamwambia maharage yake hayana moyo. Ottilia alisema moyo wa maharage hajawahi kuusikia, lakini mimi kichwani kuna kitu ambacho hakimo.

Sikutegemea kwamba saa saba Kunigunda angeniwekea sahani yangu ya kila siku. Mbasa mzima na kichwa chake! Kukataa nisingeweza. Nilikula. Nilifungua kifungo kimoja, nikafungua cha pili. Jasho. Nikamaliza, sahani ikabaki nyeupe, nami nikaegemea ukuta kama gunia. Habari za migahawa sikuzitoa, maana kila nikifungua mdomo nilihisi haitatoka habari.

Kunigunda alinitazama sana. Nadhani aliona aibu kwa ajili yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mpango wa pili. Nimpikie! Ajue kwamba anayeolewa nami hatakaa jikoni peke yake.

Nilichuma majani ya muhogo kwangu nyumbani, nikapika kisamvu. Kutwanga nilitwanga, mpaka mkono ulipouma. Uliuma mapema. Karanga nikatia nzima nzima, maana meno ni ya nini? Kikachemka mpaka nilipochoka kupuliza moto.

Nikampelekea katika bakuli lenye kifuniko. Alitafuna. Aliendelea kutafuna. Wateja wawili walilipa na kuondoka, yeye bado anatafuna. Mwishowe akaniambia pole, fundi, umehangaika. Akauliza kwa heshima kama humo hakuna uzi wa cherehani ulioangukia.

Aloisi akaomba aonje. Akatoa kichupa chake, akamimina nusu nzima ya pilipili kwanza. Kwa mara ya kwanza sikumlaumu.

Habari nyingine. Kunigunda kaniambia Jumapili atalisha kwaya ya wageni kutoka Kingerikiti. Kazi kubwa, amechaguliwa yeye mbele ya Gertruda na Ottilia. Ana furaha mpaka anaimba. Kesho anakwenda Mbamba Bay kununua mchele na mafuta, atashinda huko.

Atashinda huko! Shamba litabaki peke yake! Nalala na jembe kichwani.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeharibu.

Kunigunda aliondoka asubuhi. Nikapanda mteremkoni na panga. Juu kuna mistari ya Aloisi, nyasi kavukavu zilizokonda. Chini yake, karibu na nyumba, kulikuwa na eneo zuri lililojaa majani mabichi, mazito, yamesongamana ovyo. Aloisi aliwahi kusema kwamba nyasi mbichi ndizo zinazooza vizuri. Nikafyeka! Nikalaza! Mistari yangu ilinyooka kama pindo la gauni la bibi harusi, maana jicho la fundi si la mchezo. Jua likawa kali, nami nikafurahi kwamba zinakauka vizuri.

Kunigunda alirudi alasiri. Nikamshika mkono, nikampandisha aone.

Hakupiga kelele. Alisimama. Akainama, akaokota jani lililonyauka, akaniambia huu ni mnafu. Akaokota lingine, huu ni mchunga. Huu ni mgagani. Huku kulikuwa na matembele. Akaniuliza kwa sauti ndogo kwaya watakula ugali na nini kesho.

Lakini jamani, havikupandwa kwa mstari! Vimejiotea vyenyewe kila mahali, mtu wa haki angejuaje? Hilo sikulisema. Afadhali angenipiga. Nimekaa na mwanamke huyu kibarazani, nimekula majani haya, na sijawahi hata siku moja kuuliza yanafananaje kabla ya kupikwa.

Aloisi alikuja akavua kofia. Alisema amehudhuria mazishi mengi lakini hajaona maiti za mboga zimelazwa juani zikisubiri waombolezaji.

Kunigunda akanipa beseni kubwa. Akasema, fundi, nenda katafute mboga, na usirudi na beseni tupu. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Mboga za kulisha kwaya nzima ninaweza kuzipata kwa watu wawili tu, Gertruda na Ottilia. Wenye mchanga na wasio na moyo!

Jumapili, 14 Aprili

Nimechoka lakini niko hai.

Gertruda alinipokea na tabasamu baya. Akaniletea ungo wa dagaa, akasema nimtolee mchanga kwanza, ndipo tuzungumze. Nilichambua dagaa mmoja mmoja. Mchanga sikuuona. Nikamwambia samahani, mama. Akaniuliza samahani ya nini, nikasema ya mchanga. Akasema haisikii vizuri. Nikasema kwa sauti, mpaka wavuvi wakageuka. Hapo ndipo alipojaza beseni langu matembele kutoka nyuma ya nyumba yake.

Akaniambia pia kwamba nisidanganyike na chai ya Kunigunda, siri yake ni mchaichai tu, kitu ambacho kila mtu anacho. Mchaichai! Sijui unauzwa duka gani. Nitamnunulia mwingi.

Ottilia alinipa kisamvu, lakini majani mabichi, pamoja na kinu na mchi. Akasema nitwange mpaka atakaporidhika. Huyo mwanamke haridhiki. Mkono ulipouma aliniambia endelea. Mara nikaona mchi wa pili unaingia kinuni. Aloisi! Sikumwita. Alisema magoti yake mabovu lakini mikono mizima, na kwamba kwaya haina kosa. Tukatwanga kwa zamu, huyu akishusha, huyu akiinua, bila kusemezana. Ottilia akatia karanga alizosaga mwenyewe. Akasema maharage sitapewa, mpaka yapate moyo.

Kunigunda alipokea beseni, akachungulia, akaanza kazi. Matembele ya Gertruda, kisamvu cha Ottilia, na mnafu kidogo ulionusurika pembeni ya shamba. Akavipika kwa namna yake. Kwaya ikala. Kwaya ikanyamaza! Mwalimu wa kwaya akarudi na sahani, akauliza mboga hii inaitwaje. Kunigunda akanitazama, akajibu inaitwa mboga ya fundi.

Sijui kama alinisema au alinisifu. Moyo uliruka hata hivyo.

Aloisi alipewa sahani yake, akatoa kichupa, akamimina kabla ya kuonja. Mimi nilikula yaliyobaki chini ya sufuria, nimesimama mlangoni. Matamu sana. Nilikwangua na ukoko.

Jumanne, 16 Aprili

Siwezi kuandika vizuri. Nitajaribu.

Leo asubuhi nilikuwa nashona sare ya shule. Nikasikia jembe. Nikachungulia nyuma ya nyumba. Kunigunda yuko mteremkoni, kanga kiunoni, anachimba. Nikajua anafukia mistari ya Aloisi. Nikaacha cherehani ikizunguka yenyewe. Nilitaka kurudi kwangu, kwenye sufuria moja na kimya.

Halafu nikaangalia vizuri. Hakuwa juu. Alikuwa chini, karibu na nyumba. Anafukia mistari yangu! Mnafu wangu, mchunga wangu, matembele yangu yaliyokauka, anayafunika udongo kwa utaratibu, mraba mmoja baada ya mwingine. Mfuko wa mbegu za maharage uko kando.

Nilipanda nikiwa na sindano bado mdomoni. Akaniambia nitoe sindano kwanza, nisije nikaimeza kabla mambo hayajaanza. Kisha akasema, bila kuacha jembe, kwamba tangu afungue mgahawa kila mtu anamwongezea kitu. Huyu chumvi, huyu ndimu, huyu pilipili, huyu ushauri. Mimi peke yangu nakula alichopika kama alivyokipika. Alisema Alhamisi ile aliniona nimeshiba mpaka kooni, nami nikamaliza sahani yake. Akaona basi, huyu ndiye. Akasema nipeleke mshenga kwa mjomba wake Kingerikiti, mambo yaende kwa heshima. Na nisiguse tena shamba.

Nililia. Naandika bila aibu. Nililia juu ya ngoro.

Kuhusu mshenga, alipendekeza mzee Aloisi kwa sababu ana maneno mazuri. Nilimfuata kwa hofu. Alikuwa amesimama juu ya mistari yake ya nyasi, imegeuka rangi ya kahawia, hakuna aliyeifukia. Aliunyoosha mstari mmoja kwa mguu. Nilimwonea huruma ya kweli. Kisha akasema atakwenda, kwa sharti kwamba akila kwetu asinyang'anywe pilipili yake. Nikamshika mikono miwili.

Jumanne, 23 Aprili

Maharage yameota! Manene, ya kijani, yamesimama kwenye kingo kama kwaya. Wapitanjia wanasimama kutazama. Hata Gertruda alikuja, akasema hajui kama amsifu Mungu au amsifu mjinga.

Mjomba wa Kingerikiti amekubali. Leo Kunigunda na Aloisi wamekwenda huko kupanga siku. Nimeachiwa funguo za mgahawa. Funguo! Nimezifunga kwa uzi shingoni.

Nimefikiri sana kuhusu maneno yake. Kwamba ananipenda kwa sababu namaliza sahani. Hapana. Wanawake huona haya kusema ukweli. Ukweli ni ngoro. Ni ile mistari iliyonyooka. Alipoiona tu alijua huyu ni mume, yaliyobaki alisema ili nisivimbe kichwa. Na maharage ni shahidi.

Kwa hiyo nimemwandalia zawadi ya kurudi. Shamba nimekatazwa, sawa, sikuligusa. Lakini nyuma ya jiko si shambani. Pana kichaka kikubwa cha nyasi ndefu, kimekaa pale bila kazi yoyote, mtu akipita zinamkata miguu. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimekagua jani kwa jani. Si mnafu, si mchunga, si mgagani, si tembele. Ni nyasi! Hakuna mtu anayekula nyasi. Nimefyeka zote, nimeng'oa na mashina, nimezilaza kwa mistari ambayo Aloisi akiiona atatupa kichupa chake ziwani. Kesho Kunigunda atafukia tu.

Baadaye nilipita dukani kuulizia ule mchaichai. Muuza duka alinicheka, akasema haujawahi kuuzwa dukani. Nitautafuta Mbinga.

Sasa nimekaa kibarazani, ziwa limetulia, nina funguo shingoni na mchumba Kingerikiti. Ajabu moja. Tangu nimalize kazi mikono yangu inanukia vizuri mno, ile ile harufu ya chai yake ya asubuhi. Nimenawa kwa sabuni, haitoki. Haya ndiyo mapenzi, yameniingia mpaka kwenye vidole. Akifika tu, kabla hajaona kitu, nitamwomba anichemshie kikombe.