Yah: Bibingka Zangu na Mimba ya Mjukuu

Kwa Mama Mkunga Gaudelia,
Zahanati ya kitongoji, chumba chenye feni mbovu.

Mheshimiwa Mkunga,

Natumaini barua hii inakukuta umeshiba, maana sisi tuliacha kushiba tangu uingilie chungu chetu. Ulimpima damu mjukuu wangu Jovelyn ukasema sukari ya mimba imepanda, na isiposhuka mtoto atanenepa kupita njia ya kutokea. Sibishani. Mimi shule niliishia darasa ambalo mwalimu alichoka kabla yangu. Ila nina malalamiko.

1. Wali. Ulimwambia achote kiasi cha ngumi yake, sahani iliyobaki ijae mlonge, samaki na choroko. Sasa anatupakulia wote hivyo hivyo. Nikiuliza wali uko wapi, ananijibu, "Babu, uko chini ya mlonge, utafute." Nimetafuta. Sijauona.

2. Ulimwamuru atembee kila akimaliza kula, na msindikizaji ni mimi. Njia ni moja tu, nayo inapita kwenye jiko la Bibi Sepa, anayeoka bibingka, vile vikate vya unga wa mchele na nazi, kwa makaa juu na chini, tui linachuruzika, sukari inang'aa. Zamani alikuwa akituita, "Njooni, za moto!" Siku hizi akituona anazifunika kwa jani la mgomba kama maiti. "Pita, Takyo, pita! Mkunga kanionya!" Mama Mkunga, umeanza lini kuweka majasusi?

3. Hapa ndipo haki imevunjwa. Wewe ni mtu wa hapa, unajua mjamzito akimruka mumewe aliyelala, hamu zote za mimba zinahamia kwa mume. Rodel, mumewe Jovelyn, yuko melini, bahari za watu. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka mlango wa nyuma, Jovelyn akaniruka akienda kuanika nguo. Hamu zikamkosa mwenyewe, zikanishukia mimi. Tangu hapo nikinusa nazi machozi yananitoka. Kwa hiyo mwenye hamu ni mimi, na mimi sina mimba, basi masharti yako hayanihusu. Nile bibingka.

4. Nilipokuja kukueleza hayo ulisema, "Kama hamu ni zako, mzee, kaa benchi la wajawazito." Nikakaa. Walicheka hadi mmoja akadhani uchungu umeanza. Ukanitoboa kidole, ukatazama kipimo, ukanitazama mimi, ukasema sukari yangu imeiacha ya Jovelyn mbali. Nilikuja kudai bibingka, nimerudi na ngumi yangu mwenyewe ya wali na yai la kuchemsha.

Kwa hiyo chagua. Ama unipe kibali cha bibingka, ama uniandikishe rasmi nipate haki zote za wajawazito: kupishwa kiti garini, kukandwa miguu, na kutotumwa maji. Ukikataa nampelekea malalamiko mwenyekiti wa kitongoji, ambaye naye ana tumbo, sijui la miezi mingapi.

Msalimie mzee wa nyumbani kwako, wasalimie manesi, na wale wa kwenye benchi waambie mwenzao anaendelea vizuri.

Wako mwenye njaa na heshima,
Eustaquio Magbanua (Takyo),
mjamzito wa kujitolea.

N.B. Usibadilishe sharti lako hata moja. Ule mlango wa nyuma mchana unapigwa jua la kukaanga dagaa, hakuna mwenye akili anayelala pale. Nilikuwa nimemsikia Jovelyn jikoni akililia bibingka, na Rodel hayupo wa kurukwa. Nikatandika mkeka njiani. Akasema, "Babu, ondoka, nitakukanyaga!" Nikakoroma. Hajaililia tena, na jana ulisema mwenyewe sukari yake imetulia na mtoto ana ukubwa wake sawasawa. Basi akija kuniombea nilegezewe, mkatalie. Nami ukinikuta kwa Bibi Sepa, nifukuze.

Bibingka iliyofungwa pamoja na barua hii ni yako, Bibi Sepa kaniuzia kwa sharti hilo. Kama imebaki nusu, ni zile hamu za mimba, si mimi.