Ng'ombe Yangu ya Karatasi

Apana. Si kweli. Kabla mutu hajauliza, mi najibu: apana! Sijaposa mutu. Wale wa mu grupu hii munaosali kwingine, na we Mama Zawadi uko Uvira, musikilize kwanza vile ilikuwa, kisha mucheke. Lakini mucheke polepole, magoti yangu haipendi kelele.

Mi nasema, Inesi mujukuu wangu anaandika ku simu, sababu kalamu na mi hatujawahi kusalimiana. (Inesi, andika vile nasema. Usiniwekee Kiswahili ya redio.)

Leo nimepata haya mpaka kivuli yangu ilibaki ku kanisa, ikakataa kunifuata.

Sasa. Munamujua Muzee Aniseti, jirani yangu hapa Kanyosha, ule mwenye shingo ndefu. Bibi yake alikufa zamani, bwana yangu naye. Kila jioni tulikuwa tunakaa, yeye upande wake wa ukuta, mi upande wangu, tunatukanana vizuri. Mi nasema, "Aniseti, leo umekohoa kama pikipiki imekataa mulima." Yeye anasema, na ile sauti yake ya kutafuna maneno, "We... Spesi... meno mbili tu unayo, na bado zinagombana?" Tunacheka, tunalala roho nyeupe.

Kisha kuku zake zikaingia kwangu zikamaliza mboga yangu yote ya lenga-lenga. Na mi nikamaliza kuku moja. (Ilikuja yenyewe mpaka karibu na sufuria. Ningefanya nini?)

Toka siku ile muzee akafunga kinywa. Nikimusalimia anaangalia mbinguni, kama anatafuta mvua. Jioni ikakuwa ndefu, ba-mama! Mutu kama mi, bila mutu wa kuchokoza, ni chungu bila moto. Nilianza kuchokoza mbuzi. Mbuzi haijibu. Nilikuwa nataka neno moja tu toka kinywa ya Aniseti. Hata tusi.

Basi Mama Dorotea, mukubwa wetu wa ba-mama ku shapeli, kanisa yetu ndogo, akasimama na kutoa tangazo. Ule anaongea na pua, kama nzi imeingia ndani na yeye anaona aibu kuifukuza: "Ba-mama, ekute, musikilize! Noeli ya mwaka huu apana soda, apana kitenge. Kila mutu atengeneze kadi na mikono yake, ampe ule mutu ambaye hawaongei. Mbele ya watu wote!"

Kanisa yote ikageuka, ikaniangalia mi. Hata ule sanamu wa Yosefu.

Nikamwita Inesi. Huyu alifundishwa kutengeneza kadi ku shule. Akanionyesha vitu vyake. Kuna plastiki ngumu imekatwa matundu ya picha, ndiyo inaitwa pochuari. Unaweka pochuari ku dirisha mwanga upite, unaweka karatasi juu yake, unasugua polepole na mukia ya kijiko. Karatasi inavimba. Unageuza, unapapasa: picha imesimama kama mahali mbu imeuma.

"Inaitwa gofraje, Bibi," Inesi anasema, na ule mudomo wake wa inivasite, kama mwalimu wa chuo kikuu.

Gofraje! Mi nilisugua mpaka nikatoboa karatasi tatu. Inesi akapaka buji, ule mushumaa, ku kijiko ili iteleze. Hapo ikakubali. Mikono hii imesugua sufuria maisha yote, ingeshindwa na karatasi?

Shida ilikuwa picha. Pochuari zake zilikuwa za mambo ya Bazungu. Naona nyumba, na juu ya nyumba matone nyeupe mengi.

"Hii ni nini?"

"Ni theluji. Inaanguka toka juu. Nyeupe, baridi sana."

"Inaanguka mu shamba?"

"Inaanguka pahali pote, Bibi."

"Na maharagwe inafanya nini?"

"Maharagwe... inakufa."

Ewe! Hiyo tunaijua. Ni mvua ya mawe! Ilipiga nyanya za dada yangu kule Ruziba, hakubaki na nyanya hata ya kulilia. Sasa mi niende kuomba amani, nimupelekee muzee wa watu mvua ya mawe?

Inesi akatoa ingine. Munyama. Mwembamba, shingo kama ya Aniseti, na matawi ya kuni imeota ku kichwa.

"Huyu anavuta gari ya Papa Noeli."

"Na hawamulishi?"

Nikakataa. Nikasema, hapa kwetu mutu akikutakia mema anakwambia Gira inka, uwe na ng'ombe. Basi Aniseti apate ng'ombe! Ng'ombe ya kweli, pembe zimefunguka kama mikono ya padiri akibariki.

Lakini pochuari ya ng'ombe haikuwa. Nikakumbuka ile picha nyeusi ya plastiki, ya mifupa, walipiga goti langu ku hospitali. Dogiteri, na ile sauti yake ya mutu mwenye njaa, alisema, "Mama, goti hii imeisha." Mi nikasema haijaisha, itafanya kazi ingine. Nikachukua wembe, nikakata ng'ombe katikati ya goti.

Ba-mama, ilitoka! Nilisugua, nikageuza, ng'ombe imesimama ku karatasi, unaweza kuikamua. Lakini ilikuwa peke yake, inasikitisha. Nikaiwekea kamba ku shingo, sababu ng'ombe bila kamba watasema umeiba, na mi kwa wizi tayari nina jina. Bado karatasi ilikuwa na nafasi. Nikaweka mutungi wa pombe. Mutungi bila mirija ni wa maji, nikaweka mirija. Mbili, moja yangu moja yake, tunywe amani. Ku kona nikaweka kikapo chenye kifuniko, ile ya sherehe, sababu kona ilikuwa tupu.

Inesi akaangalia kadi. Akaniangalia mi. Akauma mudomo.

"Nini?"

"Apana Bibi. Iko muzuri sana."

(Andika na hiyo, Inesi. Ulijua! Ulijua na ukanyamaza!)

Leo asubui sasa. Nguo yangu ya misa ilikuwa bado maji. Iliyokauka ni imvutano tu, ile ya kufunga ku bega, ya harusi. Nikasema Mungu haangalii nguo. Nikaivaa.

Kisha nikafikiri: kuku ya mutu nimekula, naenda mikono tupu? Na ku kadi nimechora pombe, atasema namudanganya. Nikabeba chupa ya urwarwa, pombe ya ndizi, tamu, ile ya kaka yangu.

Kisha nikaogopa kinywa yangu. Munanijua. Nikifungua tu, nitakohoa kama Aniseti, na amani imekufa. Nikamuomba Mama Furaha anisemee. Mama Furaha anauza ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, sauti yake inafika sokoni mbele yake. Na ndiye anasemea familia mu harusi zote za hapa mutaani. Nilimwambia, "Sema tu tumekuja kutafuta amani." Akasema, "Spesi, wachana na mi, hii kazi naijua."

Alikuwa anaijua, kweli. Ingine haijui.

Misa ikaisha. Watu wakaanza kupeana kadi. Nyota, mishumaa, miti ya Noeli, ile mvua ya mawe pia. Wanakumbatiana, wanalia. Mama Dorotea analia na pua. Mi nangoja zamu yangu, moyo unapiga kama ngoma ya Gitega. Aniseti amekaa benchi ya mbele, anaangalia mbinguni. Mbinguni ya ndani, ile ya mabati.

Mama Furaha akasimama. Akakohoa. Akafungua mikono.

"Bwana asifiwe! Bakubwa wa hapa, muko salama? Sisi ni wageni. Tumetoka mbali..."

(Mbali gani? Benchi ya tatu!)

"...tumepita milima na mito, sababu tuliona ua limechanua ku lupango hii, ku nyumba ya jirani. Hatukuja mikono tupu. Tumekuja kuomba. Nyumba hizi mbili, zenye ukuta mumoja, zikuwe nyumba moja!"

Nikamuvuta kitenge. Nikanong'ona, "Furaha, amani! Sema amani!" Hasikii. Akishaanza, hata treni ingepisha.

"Ng'ombe iko njiani!" akapiga kelele. "Na hii ndiyo picha yake!"

Watu wa nyuma wakasimama waone. Mi nikaona afazali niende mwenyewe, nitoe kadi haraka, nirudi. Nikaenda mbele ya Aniseti, chupa mukono huu, kadi mukono ule. Nikainama kidogo tu, kwa heshima.

Na goti, goti lile lile nililokata na wembe, likalipiza. Likashuka, krak, likakataa kupanda.

Nikabaki pale chini. Goti moja. Imvutano ku bega. Pombe mukononi. Mbele ya mwanaume!

Vijana wote wakatoa simu. Nasikia mumoja anasema, "Kama mu filme!" Mwingine anasema, "Bibi ana nguvu!" Na wale wazee wanawake wa nyuma, ambao hawaoni vizuri lakini ng'ombe wanaisikia toka mbali, wakapiga impundu, vigelegele vya harusi. Yiii-yiii-yiii! Kama mwali ametoka.

Hapo ndipo kichwa yangu ilifika mahali goti lilikuwa. Ng'ombe na kamba. Mutungi na mirija. Kikapo. Musemaji. Ba-mama, hiyo si kadi ya Noeli. Hiyo ni mahari! Mwanaume ndiye anapelekaga ng'ombe kwa wazazi ya binti, hiyo hata mutoto anajua. Na mi, mujane, mwenye meno mbili, nimeleta ng'ombe kwa mwanaume, mbele ya padiri!

Nikasema, "Apana! Apana, ni ya kuku!" Nani atasikia mu impundu?

Aniseti akachukua kadi. Polepole, unamujua. Akafunga macho, akapitisha vidole juu yake, mahali palipovimba. Akapapasa pembe. Akapapasa kamba, akaifuata mpaka mwisho. Akafika ku mutungi. Akapapasa murija mumoja. Akapapasa wa pili. Akafungua jicho moja, akaniangalia pale chini, na nguo yangu ya harusi, na chupa.

Watu wakasogea karibu, na simu zao.

Akakohoa. Ile kikohozi ya pikipiki ku mulima. Mi nikashika meno yangu na midomo nisimuigize.

Akachukua chupa mukononi mwangu, akaiweka chini ya benchi yake. Kisha akasema, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza toka siku ya kuku:

"Spesi... ng'ombe nimeiona. Lakini mi... siolewi na mwizi wa kuku."