Nilivyomkagua Saa Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejiteua Mkaguzi Mkuu wa Huduma ya Mama. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna niliyemwambia.

Hali yenyewe ndiyo hii. Miezi mitatu iliyopita Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akatiwa chuma, mfupa ukaunga vizuri. Lakini kusimama hataki! Daktari kasema mwisho ni mwezi huu. Zaidi ya hapo miguu itakakamaa, na kitanda ndicho kitakuwa nyumba yake. Basi shemeji, mume wa dada yangu, kaenda mbio kwenye kampuni inayoleta wahudumu majumbani. Mimi hakuniuliza! Mimi, mtunza stoo mstaafu, miaka thelathini na moja ya kukagua mizigo, sijapoteza hata pini. (Taipureta mbili zilipotea. Hilo ni suala jingine.)

Jumamosi kuna kikao cha familia: huduma iendelee au basi? Shemeji ana faili lenye mifuko ya plastiki. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili.

Mhudumu mwenyewe ni mwanamke wa makamo, maneno machache, kandambili za mpira. Mama anamwita Saa Mbili, kwa kuwa huingia saa mbili kamili asubuhi. Eti kamili. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi

Nimesogeza saa ya ukutani dakika ishirini mbele. Saa Mbili kaingia. Nimeinyooshea kidole tu, kama hakimu.

Kaitazama saa. Kaitazama simu yake. Kapanda kigoda, karudisha mishale, kafuta vumbi, akasema betri inaelekea kuchoka, kesho atakuja na nyingine. Nimeandika: "Anagusa mali ya nyumba bila kibali." Alama moja kati ya tano.

Alfajiri nilikuwa nimeifuata saa hiyohiyo, nikafika duka la mikate kabla halijafunguliwa. Nimesimama nje na mbwa wa mlinzi. Hilo halihusiani na ukaguzi.

Jumatano, 6 Machi

Usafi. Saa Mbili akiwa bafuni anamwogesha Mama, nimevaa soksi nyeupe mkononi nikaingia chini ya kitanda. Nimepangusa sakafu. Soksi nyeupe. Haiwezekani! Nikajivuta hadi kona ya ukutani, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika. Nyeupe pee.

Kutoka huko chini sasa, ikawa kazi. Mkanda wa suruali umenasa kwenye waya wa kitanda. Nikiwa bado nahangaika, hao wamerudi. Mama kakaa kitandani, juu ya kichwa changu hasa.

Saa Mbili kamwuliza kama leo wajaribu kusimama. Mama kacheka, akasema miguu yake imestaafu, inangoja kiinua mgongo tu. Kisha sauti ya Mama, lakini ndogo, sijawahi kuisikia.

"Naogopa. Nikianguka tena, yule kijana wangu atanifungia ndani ya blanketi kama yai, mpaka nife."

Kijana ni mimi. Nina miaka sitini na mbili.

Saa Mbili hakumbembeleza, hakumkemea. Kasema, "Siku utakayosimama, Mama, mimi nitakuwa hatua moja nyuma yako. Hutaniona, lakini nipo."

Vumbi limeniingia jichoni. Chini ya kitanda kisicho na vumbi.

Nikapiga chafya. Mama akapiga yowe la mwizi! Saa Mbili kainama, kanitazama, akauliza kwa adabu kama mzee ana shida yoyote. Nimemjibu natafuta soksi yangu. Nilikuwa nimeivaa mkononi. Kainyooshea kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Siku kubwa! Lazima niandike yote.

Usiku wa jana nilipata wazo: huwezi kuipima huduma bila kuhudumiwa. Nikachagua ugonjwa wa mgongo, kwa sababu mgongo hauna kipimo. Saa nne asubuhi nikaanza kuugua. Chumba changu kinatazamana na cha Mama, ukumbi mwembamba tu katikati, akasikia kila kitu.

Saa Mbili hakucheka hata kidogo. Kanilaza, kanivua viatu, kaniwekea mto chini ya magoti. Kitambaa cha moto kiunoni. Kila nusu saa ananigeuza kama andazi. Uji kaninywesha kwa kijiko, kitambaa kifuani. Raha iliyoje! Mara mbili nimesahau kuugua. Alama tatu. Kwa uji, nne.

Saa sita kasimama ukumbini akatangaza kwa sauti ambayo jirani angeisikia: mgonjwa wa mgongo asinyanyuke hata kidogo, asije akapooza, na yeye anakwenda kuanika nguo. Mlango wa nyuma ukabamizwa.

Hapo kiu ikanishika. Kiu ya kweli, si ya ukaguzi. Nimeita. Kimya. Nimeita tena. Nikaandika: "Amemtelekeza mgonjwa." Nikaita mara ya tatu, koo limekauka, sauti ikatoka kama ya mbuzi. Nikamsikia Mama naye anamwita Saa Mbili, anamwambia huku mtu anataka maji. Hakuna jibu.

Kisha sakafuni: kong. Kimya kirefu. Kong.

Nikageuza shingo. Mama yuko mlangoni kwangu. Amesimama! Ameshika kile chuma chake cha kutembelea, cha miguu minne, jasho linamtiririka, chupa ya maji inaning'inia shingoni kwa mkanda wa gauni.

Nikaruka kutoka kitandani kama ndama.

"Mama! Umesimama!"

Kanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe je?"

Hatua moja nyuma yake alikuwa Saa Mbili, mikono wazi, hana nguo ya kuanika wala kamba. Amekuwapo muda wote. Alikuwa akihesabu kwa midomo. Hatua kumi na nne.

Nimelia. Mama kalia. Maji tumekunywa wote kwenye chupa moja.

Niliporuka nilitua vibaya. Mgongo sasa unauma kweli. Hakuna anayeniamini.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao. Ushindi!

Mama kaingia sebuleni kwa miguu yake. Dada kapiga vigelegele hadi akakosa pumzi. Shemeji kadondosha faili, mifuko ya plastiki ikatapakaa sakafuni. Nikasimama (kwa shida, mgongo) na daftari langu, nikatangaza kwamba haya ndiyo matokeo ya mpango wangu wa siku nne.

Mama akaomba aseme kidogo. Akasema tangu nilipoanza kuugua walijua naigiza, maana nilikuwa nalia mgongo nimeshika tumbo. Lakini kujifanya anakwenda kuanika nguo lilikuwa wazo la Saa Mbili peke yake.

"Lakini ile kiu," Mama akasema, "ile nilijua ni ya kweli. Nimemsikia akiita maji tangu hajaota meno. Miguu ikaondoka yenyewe, mimi nikaifuata."

Dada kafuta macho. Shemeji pia, namwandikia haki yake. Huduma inaendelea, wote mikono juu. Shemeji kanipongeza kwa kunipiga mgongoni. Makusudi!

Saa Mbili nimempa alama nne na nusu. Nusu nimeikata kwa udanganyifu kuhusu nguo. Nyumba hii haivumilii udanganyifu.

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi wa kampuni kaja kufanya tathmini yao. Nimemkabidhi daftari, kurasa arobaini na moja zimejaa. Kasoma tatu. Kafunga. Kauliza kama nyumbani nina shughuli nyingine yoyote ya kunishughulisha. Ni wazi wanataka kuniajiri. Sijakubali mara moja, nisionekane mwenye njaa ya cheo.

Mama sasa anafika hadi uani peke yake. Saa Mbili kasema atakuwa anakuja siku tatu tu kwa wiki. Hapa nyumbani, basi, hakuna tena cha kukagua.

Lakini zahanati ya mtaani je? Nani anaikagua? Hakuna! Kesho asubuhi naingia. Ugonjwa nimeshachagua: upofu. Kipofu hashukiwi na mtu. Miwani nyeusi ninayo, fimbo ninayo, na mchana wote nimefanya mazoezi nimefumba macho. Nimeamkia kabati la vyombo kwa heshima zote, shikamoo, nimeinamisha na kichwa.

"Marahaba," Mama kaitikia kutoka uani.

Mambo yanakwenda vizuri mno.